NDOO YA DHARURA: FAMILIA IJIANDAE KABLA YA MVUA KUBWA



Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ya siku hiyo matope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima Hanang, vikaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengine wengi walinusurika, lakini walibaki na nguo walizovaa tu.

Maafa ya Hanang si ya kwanza wala si ya mwisho. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wengi wetu tunazikumbuka. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa uliingia katika makazi ya watu huko Kilosa. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yaliingia vijijini na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Wala si mvua peke yake: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanauhusu sana. Mafuriko hupiga mara mbili. Pigo la kwanza ni la maji yenyewe. Pigo la pili huja siku zinazofuata, nalo ni ugonjwa: kuhara na kipindupindu kwa sababu ya maji machafu, vidonda vinavyooza, malaria, na hali mbaya ya wagonjwa waliokatiza dawa zao. Pigo la kwanza mara nyingine hatuwezi kulizuia. La pili tunaweza kulipunguza sana tukiwa na vitu vichache tulivyoviandaa mapema.

Mwezi huu, basi, tunapenda kuzungumza juu ya akiba ndogo ya dharura ambayo kila familia inaweza kuwa nayo. Lengo lake ni moja: kuilinda afya ya watu wa nyumba kwa siku tatu za kwanza, kabla misaada haijafika au haijapangwa vizuri.

KWA NINI NDOO?

Watu wengine hutumia begi la mgongoni, na hilo ni zuri. Sisi tunapendekeza ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Kwanza, vitu vilivyomo havilowi haraka. Pili, mama au kijana anaweza kuibeba kichwani, mikono ikabaki huru kumshika mtoto. Tatu, mkifika mahali pa usalama mnaitoa vitu, na mara moja mna chombo safi cha kuhifadhia maji ya kunywa. Katika madarasa ya shule, ambako mara nyingi waathirika huhifadhiwa, chombo safi cha maji ni mali kubwa.

Ndoo isijazwe hadi mtu ashindwe kuinyanyua. Mfuniko ufungwe kwa kamba. Iwekwe karibu na mlango, juu ya kitu kilichoinuka, na kila mtu wa nyumba ajue ilipo. Wakati wa tetemeko hakuna anayepaswa kurudi chumba cha ndani kutafuta kitu. Kwa hiyo mahali pa ndoo ni karibu na njia ya kutokea, si uvunguni mwa kitanda.

VITU VYA KUWEKA NDANI

1. Maji na dawa ya maji

Mtu mmoja huhitaji kama lita 3 za maji ya kunywa kwa siku, na zaidi wakati wa joto au akinyonyesha. Familia ya watu sita kwa siku tatu huhitaji lita zipatazo 54. Hakuna anayeweza kukimbia na mzigo huo. Kwa hiyo, msimu wa mvua ukianza, wekeni nyumbani madumu safi yaliyojaa maji, na ndani ya ndoo wekeni chupa mbili tatu za maji pamoja na dawa ya kutibu maji, kama WaterGuard. Dawa hii ni nyepesi na bei yake si kubwa. Soma maelezo ya kipimo kwenye chupa au pakiti, maana vidonge na dawa ya maji havina kipimo kimoja.

Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Baada ya kutia dawa, koroga, funika na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kama mna kuni, chemsheni mpaka maji yatokote vizuri. Kama hamna kuni wala dawa, jazeni maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi, mzilaze juani kwa saa 6. Siku ya mawingu ziacheni siku mbili. Ikumbukwe kwamba njia hizi huua vijidudu tu. Maji yaliyoingiwa na mafuta ya taa, petroli au dawa za shambani hayafai kunywewa hata yakichemshwa.

2. Chumvichumvi na vidonge vya zinki

Mtoto anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Wekeni pakiti zisizopungua sita za ORS, ambazo wengi huziita chumvichumvi. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja kamili ya maji salama. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mwenye umri wa miaka miwili hadi kumi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha mwanze tena polepole kwa kijiko. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe, mtengeneze mwingine.

Pakiti zikiisha, chukueni lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi hata kidogo, maana ikizidi hudhuru. Onjeni kwanza: mchanganyiko usiwe na chumvi kuliko machozi. Ndiyo sababu sukari, chumvi na kijiko cha chai viwemo ndani ya ndoo.

Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekeza mhudumu wa afya, na mama aendelee kunyonyesha. Apelekwe kituo cha afya bila kukawia kama macho yamebonyea, hawezi kunywa, amelegea, ana damu kwenye choo, au anaharisha maji kama yaliyooshea mchele. Njiani aendelee kupewa chumvichumvi.

3. Dawa za kila siku

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Watu huweka plasta na vidonge vya maumivu, wakasahau dawa ambazo mtu hapaswi kuzikosa: za presha, kisukari, kifafa, pumu, selimundu, kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwenye kifafa akikosa dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Mwenye kifua kikuu anayekatiza dawa huwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu. Mwenye pumu bila dawa yake ya kuvuta, katika chumba chenye baridi na moshi, yumo hatarini.

Fanyeni hivi. Siku ya kliniki mwelezeni mhudumu kwamba mnaishi mahali panapofurika, mwulizeni namna ya kuwa na akiba ya wiki moja. Dawa mpya zikija, ziingie kwenye akiba, na zile zilizokuwa kwenye akiba zitumike kwanza. Kwa njia hiyo hakuna dawa itakayopitwa na muda ndani ya ndoo. Dawa zibaki katika vifungashio vyake vyenye majina, na pamoja nazo iwekwe karatasi inayosema jina la dawa, kipimo na saa za kumeza.

Insulini haipendi joto wala barafu. Chupa yake iwekwe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko. Mkifika mahali pa usalama, kopo liwekwe ndani ya chungu, na chungu kizungushiwe kitambaa kilicholoweshwa maji, kikae kivulini panapopita hewa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la siri. Katika nyumba nyingine yupo mtu anayemeza dawa ambazo wenzake hawajui. Mafuriko yakija usiku, huyu anaweza kuziacha kwa kuona haya kuzitafuta mbele ya watu. Tunashauri kila mtu mzima wa nyumba awe na kifuko chake kidogo kilichofungwa, ambacho hakuna mwingine anayekifungua, na vifuko vyote vikae ndani ya ndoo. Baba awe nacho, mama awe nacho, na kijana awe nacho. Vikiwa vya wote, hakuna anayeulizwa cha kwake kina nini. Tumheshimu mwenzetu, naye asiikose dawa yake.

4. Huduma ya kwanza

Bandeji, pamba, plasta, mkasi mdogo, jozi mbili za glovu, dawa ya kuoshea vidonda, vidonge vya paracetamol na kipande cha sabuni vinatosha. Kidonda kilichopatikana ndani ya maji ya mafuriko kioshwe kwa sabuni na maji safi mengi, kisha mtu aende kituo cha afya kuulizia sindano ya pepopunda. Msiweke antibiotiki zilizobaki za ugonjwa wa zamani, wala msigawiane.

5. Karatasi muhimu

Kadi za kliniki za watoto, kadi ya mjamzito, kadi ya bima ya afya, kadi ya CTC kwa mwenye nayo, vyeti vya kuzaliwa, na vitambulisho vya taifa au nakala zake. Kadi ya mtoto huonyesha chanjo alizopata, na kadi ya mgonjwa humwambia mhudumu mgeni dawa anazotumia. Zitieni katika bahasha ya plastiki yenye zipu, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule.

Watu siku hizi hupiga picha vyeti kwa simu. Ni vizuri, lakini simu huisha chaji au huzama. Kwa hiyo andikeni namba za simu za ndugu wawili watatu kwenye karatasi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

6. Chakula kisichohitaji moto mwingi

Karanga zilizokaangwa, biskuti, tende, sukari, na unga kidogo wa uji pamoja na sufuria ndogo na kikombe. Kiberiti kikae ndani ya kopo lisiloingiza maji. Mtoto anayenyonya hahitaji maziwa ya kopo. Aendelee kunyonya, maana maziwa ya mama ni safi hata pale ambapo maji yote ni machafu. Asiyenyonya alishwe kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa, kwa sababu chupa ni vigumu kuisafisha.

7. Vitu vingine

Tochi na betri, redio ndogo, filimbi ya kuitia msaada, kamba imara, kanga mbili, chandarua chenye dawa, taulo za kike, nepi za mtoto, na kiasi kidogo cha fedha katika noti ndogo. Kanga tunaitaja makusudi: hubeba mtoto, huchuja maji, hufunga mkono uliovunjika na husitiri mwili. Mwenye miwani aweke ya akiba kama anayo.

TUSISHINDWE KWA SABABU YA FEDHA

Msomaji anaweza kusema, "Orodha hii ni ya matajiri." Tuitazame tena. Kanga, sufuria, kijiko, sukari, chumvi na kiberiti vimo katika nyumba nyingi. ORS na dawa za kliniki mnaweza kuziulizia kwenye kituo chenu cha afya. Vinavyobaki si lazima vinunuliwe siku moja. Wiki hii ndoo, wiki ijayo dawa ya maji, mwisho wa mwezi tochi. Ndoo yenye vitu vitano inashinda orodha ndefu iliyobandikwa ukutani.

Kazi ngumu ni kuacha kuichokoa. Leo sukari imeisha, tunaazima ya kwenye ndoo, kesho kiberiti, mwezi ujao ndoo imebaki na kadi za kliniki tu. Mzazi mmoja apewe jukumu la kuikagua mara mbili kwa mwaka: Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Atazame tarehe za dawa, abadilishe maji na betri, na nguo za mtoto ambaye amekua.

NANI ABEBE NINI?

Familia ikae jioni moja ikubaliane. Nani atabeba ndoo? Nani atamshika bibi mkono? Nani atamtoa mtoto mchanga? Kama baba yuko kazini, zamu yake ni ya nani? Mtakutana wapi mkipoteana? Chagueni mahali pa juu ambapo hata mtoto wa darasa la pili anapajua. Mtoto mdogo awe na karatasi mfukoni yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi.

Kisha jaribuni. Mtu mmoja aseme "Maji!", na wote watoke na vitu vyao. Mara ya kwanza watoto watacheka, na ndoo itasahauliwa. Mara ya pili haitasahauliwa.

Jumuiya ndogo ndogo nazo ziwaulizie majirani wasioweza kutembea: wazee wanaoishi peke yao, walemavu, mama aliyejifungua juzi. Yajulikane majina ya watu wawili watakaokwenda kumtoa kila mmoja wao.

DALILI ZA HATARI ZIKIONEKANA

Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Wakazi wa mabondeni na kando ya mito wasingoje maji yafike kizingitini, na waondoke mchana kuliko usiku. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kama mnaweza kuifikia mkiwa mahali pakavu. Msivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanafika chini ya magoti. Humwangusha mtu mzima, na chini yake huenda kuna shimo.

Neno moja tunawaomba mlishike sana: ndoo ni msaidizi wa uhai, si uhai wenyewe. Maji yakishaingia nyumbani na ndoo iko mbali, iacheni. Wala mtu yeyote asirudi kuifuata. Dawa, kadi na vyeti hupatikana tena. Mama wa watoto hapatikani tena.

MKIRUDI NYUMBANI

Maji yakipungua, hatari haijaisha. Vyoo vimefurika, na maji ya kisima yamechanganyika na uchafu. Yasinywewe bila kutibiwa. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kitupwe. Mnaposafisha tope vaeni buti na glovu, maana katika tope na maji machafu mna mkojo wa panya na wanyama wengine unaoleta homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Mwenye homa baada ya kazi hiyo amweleze mhudumu wa afya kwamba alishika tope. Nyoka nao hujificha ndani ya nyumba na chini ya mbao. Aliyeumwa atulizwe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana, apelekwe hospitali haraka.

KWA KUMALIZIA

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Hatujui mvua zijazo zitakuwaje, wala hatusemi haya ili kuwatia hofu. Lakini mama akifika kwenye darasa la shule usiku wa manane, amelowa, mtoto ameanza kuharisha na bibi anauliza dawa yake ya presha, kuna tofauti kubwa kati ya kusema "Nilisahau" na kufungua mfuniko wa ndoo.

Anzeni juma hili. Tafuteni ndoo moja yenye mfuniko, ioshwe, iwekwe karibu na mlango. Usiku wa leo tieni ndani kadi za kliniki za watoto na kanga moja. Mengine yatafuata.